Ilete, iwe, natukae, tupate: shairi na matumaini ya taifa

Hotuba niliyoitoa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, usiku wa Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai. Naiweka hapa kamili kwa ajili ya waliokuwa baharini, walioko Mombasa na Nairobi, na jamaa zetu walioko ughaibuni.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu mlioko upande wa ngazi, walimu wenzangu, vijana, na nyinyi watoto mliopanda ukutani: nawaamkia nyote. Wana wa Amu, ndiyo Lamu yetu hii, na wageni wetu mliovuka kutoka Mokowe, Faza, Siu na Mpeketoni, karibuni. Mwenye kuja na upepo huu wa kusi amekuja kwa mapenzi.

Nimeombwa nizungumze juu ya ushairi na matumaini ya taifa. Wiki nzima nimelala na swali moja. Shairi la matumaini ni lipi?

Nauliza kwa sababu tuna mazoea. Akija mkubwa hapa kwa boti, tunasimamisha watoto kumi wenye sare zilizopigwa pasi, wanasoma beti za kumsifu: tumefika, tumeendelea, tumeneemeka. Mkubwa anapiga makofi, anapanda boti, anaondoka. Yale ni mashairi, sikatai. Yana vina, yana mizani. Lakini je, mtu aliyekwisha kufika anatumaini nini tena?

Nitaanza na shairi ambalo kila mtu hapa analijua kwa moyo. Watoto, nyinyi mnaliimba Jumatatu na Ijumaa bendera ikipanda. Sauti yake haikutoka mbali. Ni ya jirani zetu Wapokomo wa mto Tana, wimbo wa kumbembelezea mtoto alale. Mwaka 1963, nchi ikijiandaa kupokea uhuru, jopo la wanamuziki liliuchukua wimbo huo kwa Mzee Meza Moroa Galana, likautilia maneno ya Kiswahili, ukawa wimbo wa taifa. Mama aliyeuimba kwanza, juu ya mkeka, mtoto mgongoni, hakujua kwamba anaibembeleza nchi nzima.

Sasa yasikilizeni maneno. Msiimbe, sikilizeni tu vitenzi vya ubeti wa kwanza. Ilete. Iwe. Natukae. Tupate. Vitenzi vinne, na vyote vinne vimeishia kwa e. Hakuna "imeleta". Hakuna "haki ni ngao". Ni haki iwe ngao. Waliotunga walikuwa na siku kubwa kuliko zote mbele yao, wangeweza kujisifu na nani angewalaumu? Hawakusema tumepata. Walisema tupate.

Nikikwambia "umeleta maji", maneno yangu yamekwisha, wewe waweza kwenda zako. Nikikwambia "ulete maji", nimekutazama usoni na nasubiri. Ile e ya mwisho inamtaka mtu. Inataka aitike, ainuke, au akatae. Mimi naona matumaini ya ushairi wetu yanakaa hapo, ndani ya ile e, na usiku huu nataka tuitafute pamoja.

Nilikuwa na miaka kumi mjomba wangu aliponichukua Pate. Tulikwenda kwa mashua, magunia miguuni, maji yalikuwa yanatoka na tukashuka kwenye tope hadi magotini. Mnaoijua Pate mnajua: ukitoka kijijini unaingia moja kwa moja kwenye magofu, na ndani ya magofu watu wamelima tumbaku. Majani mapana ya kijani, na katikati yake kuta za majumba, nyingine bado zina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, vilimowekwa sahani za Kichina. Mjomba alisimama mbele ya ukuta mmoja. Ndani ya kidaka palikuwa na kiota. Vifaranga wawili, midomo wazi.

Akaanza kusoma Al-Inkishafi. Mjomba wangu hakupita skuli, alisoma chuoni tu kwa mwalimu wake wa Kurani, lakini Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa shairi hilo, alikuwa naye kifuani. Aliposoma pale pasemapo kwamba zidaka vya vyombo sasa vimelaliwa na makinda ya ndege, nikatazama kiota, nikamtazama yeye, nikapata hofu. Nilidhani shairi lile limekifanya kile kiota.

Watu wengi husema Al-Inkishafi ni shairi la kukata tamaa. Majumba yameanguka, wenye enzi wamelala mchangani, dunia haina thamani. Mimi siafiki. Kutoka mwanzo mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe. Anaugombeza, anauuliza, anausihi uamke. Aliyekata tamaa huuliza? Aliyekata tamaa hunyamaza.

Na siku ile nilishuhudia jambo. Mwenye shamba, mzee aliyekuwa ameinama kwenye tumbaku yake, alinyoosha mgongo na kusikiliza mpaka mjomba akamaliza. Kisha akaita kwa sauti, na kijana mdogo akatoka nyuma ya ukuta na ndoo. Mzee akamwambia mjomba, "Rudia toka mwanzo. Mwanangu hakusikia." Na mjomba akarudia toka mwanzo, jua la saa saba kichwani, magunia yetu yamengoja, hakuacha ubeti hata mmoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo moyo wangu uko nalo zaidi.

Zamani Amu na Mombasa hazikuwa nchi moja. Mombasa ilikuwa mkononi mwa ukoo wa Mazrui, wakaungana na Pate, wakaitaka Amu. Kinywa cha Mombasa kilikuwa Muyaka bin Haji, aliyezaliwa 1776. Sisi tulikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi wa mji na malenga. Watu hawa walirushiana mashairi makali: vitisho, mafumbo, kejeli. Beti zilipanda majahazi Mombasa, zikashuka hapa gatini, zikajibiwa, zikarudi.

Tulia kidogo tufikirie kujibizana ni kitu gani. Mtu amekutukania mji wako. Damu imechemka. Lakini desturi inakutaka umjibu kwa bahari yake: vina vyake, mizani yake. Ili uvishike vina vyake ni lazima umsikilize mpaka silabi ya mwisho. Huwezi kumkatiza. Huwezi kusikia nusu. Lazima neno la adui likae kinywani mwako, uligeuze, ulionje, ndipo upate la kulijibu. Niambieni, ni bunge gani leo linamtaka mtu asikilize hivyo?

Na sitawadanganya: mashairi yale hayakuzuia vita. Vita vilikuja, pale Shela, mwanzoni mwa karne ya 19. Wazee wametuhadithia jinsi maji yalivyotoka yakaacha majahazi ya wavamizi yamekwama, na jinsi mifupa ilivyoonekana mchangani miaka mingi baadaye. Ngome hii iliyo nyuma yangu ilimalizwa kujengwa baada ya vita hivyo, karibu mwaka 1821. Baadaye ikawa gereza, mpaka 1984. Wapo hapa wanaokumbuka kupita mlangoni huu na kusikia sauti za wafungwa. Shairi halina jeshi. Lakini leo mtoto wa Mvita, yaani Mombasa, anamsoma Zahidi na mtoto wa Amu anamsoma Muyaka, darasa moja, nchi moja, na mwalimu anawauliza ni nani aliyejibu vyema. Huo ndio ugomvi ninaoutakia Kenya. Watu wagombane, wagombane sana, na kila mmoja ashike kina cha mwenzake.

Kwa sababu tumeuona ule mwingine. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika nchi hii. Na Juni 2014 msiba ulikuja hapa hapa kwetu, Mpeketoni, watu zaidi ya 60 wakauawa. Mnaikumbuka miezi ya kafyu iliyofuata. Wavuvi wa usiku walikaa na nyavu zao ndani. Baada ya Isha madaka, zile baraza za milangoni, yalikuwa matupu, milango imefungwa, mji umekuwa kama nyumba ya matanga isiyo na wageni. Na kwenye simu zetu maneno ya sumu yalikuwa yanaruka: hawa ndio, wale ndio.

Wakati ule nilikuwa na vijana niliowafundisha ushairi. Mmoja alikuwa wa Mpeketoni, wazazi wake ni watu wa bara waliohamia zamani, yeye amezaliwa hapa. Usiku mmoja akanitumia shairi kwa sauti, kwa simu. Alikuwa ananong'ona, nadhani nyumbani watu walikuwa wamelala. Beti tano, na kibwagizo chake kilikuwa na neno moja tu la kutaka: tuzikane.

Nyinyi mnajua uzito wa neno hilo. Hatusemi mtu ni jirani kwa sababu ukuta wake umegusa wetu. Jirani ni wa kuzikana naye. Kijana yule hakuuliza kwa nini. Hakumtaja aliyeua. Aliomba azikwe na sisi na atuzike sisi.

Nikampelekea kijana mwingine, wa mtaa wa Langoni hapa mjini, ambaye siku zile alikuwa na hasira nyingi. Nilisema tu, "Umeandikiwa, jibu." Ilipita siku moja, ikapita ya pili. Ya tatu jibu likaja: beti tano, vina vile vile, kibwagizo kimepokelewa. Nikalipima, mwalimu ni mwalimu. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Lile shairi la kwanza lilikuwa na kosa. Ubeti wa tatu, mshororo wa pili, mizani zilikuwa 17 badala ya 16. Nilipofika pale kwenye jibu, ubeti wa tatu, mshororo wa pili, nikahesabu kwa vidole: 17. Huyu wa Langoni hapotezi mizani hata usingizini. Nikampigia simu. Nikamwuliza, hukuona? Akasema, "Niliona, mwalimu. Sikutaka apungukiwe peke yake."

(Hapa nilinyamaza kidogo, na watu wakanyamaza nami.)

Hili la kupelekeana mashairi kwa sauti si geni hapa. Wazee mnayakumbuka mashairi ya Kimwondo, katikati ya miaka ya sabini, uchaguzi ulipoupasua mji huu. Hoja zilitungwa, zikaghaniwa, zikatiwa kwenye kanda, kanda zikapita nyumba kwa nyumba. Mtu alipigiwa kura na mtu akakataliwa kwa vina. Kijana mwenye simu leo ana kanda ambayo haikatiki. Anaitilia nini?

Kuna swali lingine ambalo siwezi kulipita. Mwaka 1968, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka uliokuwa na jina la maneno mawili: Kenya: Twendapi? Swali, basi. Nchi ilikuwa na miaka mitano. Kwa waraka huo alifungwa miaka mitatu, na muda mwingi alikaa peke yake chumbani. Akiwa kifungoni akatunga, na karatasi aliyoipata kwa siri ilikuwa ile ya chooni. Hebu shikeni karatasi ile kwa akili zenu. Mnajua ilivyo nyepesi, wino unavyotapakaa. Juu ya hiyo akapanga tarbia ya mishororo minne, akapanga takhmisa ya mitano, vina vimenyooka kama safu ya waumini. Mashairi yakatoka kitabu mwaka 1973, Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kikapewa tuzo ya fasihi, na tuzo yenyewe ilikuwa na jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ilimfunga.

Vijana, nani kati yenu anadhani yule hakuipenda nchi? Waliokuwa wakiimba tumefika waliipenda zaidi? Mtu huuliza "twendapi" akiwa ndani ya chombo. Aliyeko nje hana haja ya kujua.

Nageukia kwenu, mama zangu na binti zangu, na hapa nitasema jambo langu mwenyewe.

Nilipokuwa darasa la sita, katika skuli moja ambayo sitaitaja, niliandika insha kuhusu safari. Niliandika "ndia", yaani njia. Niliandika "mato", yaani macho. Mwalimu akayapigia mstari mwekundu yote, akanisimamisha mbele ya darasa, akasema hicho si Kiswahili, ni lugha ya nyumbani. Kicheko kile bado nakisikia. Mwaka 1928 ndipo ilipoamuliwa, katika mkutano uliofanyika Mombasa, kwamba Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na sina ugomvi na hilo. Nchi kubwa inataka lugha moja ya kuandikiana. Lakini karne nyingi kabla ya hapo malenga wa pwani, hata wa Mombasa, walipotaka kutunga walikuja kuazima maneno yetu ya Kiamu. Mato. Ndia. Nti. Mimi niliaibishwa kwa maneno ambayo Muyaka aliyavaa kama joho.

Basi miaka michache iliyopita, katika darasa langu la Jumamosi, binti mmoja wa miaka 14 alileta daftari. Baba yake ni mvuvi. Daftari lilikuwa na magamba mawili ya samaki yamegandia kwenye jalada, sikuyabandua. Alikuwa ametunga juu ya bandari mpya ya Lamu. Mnajua kisa chake: mradi ulizinduliwa Machi 2012, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, na katikati, mwaka 2018, Mahakama Kuu ikaamua wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Yeye hakuandika lolote kati ya hayo. Hakuipinga bandari, hakuisifu. Aliandika habari za baba yake anavyorudi na ndoo nusu na kusema bahari imebadilika sauti. Kila ubeti akaufunga kwa neno: tuulizwe. Kabla ya kuchimba, tuulizwe. Kabla ya kupima, tuulizwe. Na njia aliiandika "ndia", nchi akaiandika "nti", akaweka alama ndogo ya kuuliza pembeni kwa penseli, kama anayeomba ruhusa.

Nikaifuta ile alama. Sikumwambia neno.

Mnakumbuka Mwana Kupona binti Msham anavyoanza utendi wake, mwaka 1858, hali yake taabani, anaongea na binti yake? Wengine wameusoma utendi ule wote wakaona utii wa mke tu, na hilo limo, sitalificha. Lakini jambo la kwanza analomtaka binti yake alifanye ni nini? Asogee karibu, achukue wino na karatasi. Mzee wa kike, mgonjwa, katika zama zile, anaanza kwa kumpa msichana kalamu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Msingi ndio huo: mama, binti, wino. Na binti ni lazima aruhusiwe kuandika "nti" pasipo alama ya kuuliza pembeni.

Nakaribia kumaliza, usiku umeingia na watoto wana skuli.

Nyumba niliyozaliwa, kule Langoni, ni ya mawe, ya zamani. Kama mnavyojua, vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, na sababu ni boriti. Mkoko hautoi gogo refu la kuaminika kubeba dari, basi fundi hujenga chumba upana wa boriti yake. Urefu nenda utakapo. Upana umekatiwa na mti. Nilipokuwa mdogo boriti moja ya chumba cha kati ilioza. Ikatolewa, na kwa muda wa mwezi mzima palikuwa na pengo juu ya vichwa vyetu, vumbi la chokaa linadondoka juu ya vyandarua. Nilikuwa nalala chali nikiitazama. Boriti nyingine zote zilikuwapo, na sikuziona hata moja. Niliona ile isiyokuwapo.

Mshororo nao una upana wake, nane kwa nane, hauongezeki. Usiku mmoja juma hili nikatunga ubeti juu ya hayo. Nimetunga mishororo mitatu:

Nyumba yetu hii nti, dari tuliyoiweka,
Tulizikata boriti, jasho likimiminika,
Moja yapungua kati, na kusi imeshafika,

Wa nne sina. Ningeweza kuutunga, lakini sikuutunga makusudi. Kina cha kati ni ti, cha mwisho ni ka. Mizani nane, na nane. Kiamu au sanifu, vyote vyafaa. Na mwenye mizani tisa asiogope, tutampokea.

Kipaza sauti kiko pale kwa kijana mwenye kanzu ya samawati. Wewe binti uliyeko ukutani, wa pili kutoka kulia, midomo yako imekuwa ikihesabu tangu nilipoanza. Shuka. Mpeni nafasi apite.